Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani na haki ya kupiga kura bila kujali rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Marekebisho ya 15 yanasema nini hasa?

Ni mafupi mno, vifungu viwili tu. Cha kwanza kinasema kwamba haki ya raia wa Marekani ya kupiga kura haitanyimwa wala kupunguzwa, na serikali ya Marekani wala na jimbo lolote, kwa sababu ya mbari, rangi, au kwa kuwa mtu aliwahi kuwa mtumwa. Cha pili kinaipa Kongresi, yaani bunge la Marekani, uwezo wa kutunga sheria zinazofaa ili kukitekeleza cha kwanza.

Wengi hukiruka hicho cha pili kana kwamba ni cha kujazia ukurasa. Historia yote inayofuata hapa chini inaonyesha kinyume chake: kila Kongresi ilipokitumia kwa dhati, watu walipiga kura, kila ilipokiacha, kifungu cha kwanza kilibaki wino mtupu.

Liangalie pia neno "kupunguzwa". Si lazima afisa akufukuze kituoni ndipo Katiba iwe imevunjwa. Kukuwekea masharti mazito kuliko jirani yako kwa sababu ya rangi yako kunatosha.

Kwa hiyo yananipa haki ya kupiga kura?

Hapana. Yanachofanya ni kukataza sababu fulani ya kukunyima. Majimbo yanaendelea kupanga masharti ya ukaazi, uandikishaji na mengineyo, na jimbo likikunyima kura kwa sababu isiyohusiana na rangi, itakubidi utafute ulinzi kwenye sheria nyingine.

Haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1869 Kongresi ilikuwa na rasimu pana zaidi mezani, ambazo zingekataza pia ubaguzi wa elimu, mali, dini na mahali pa kuzaliwa. Ziliachwa, na si kwa ajili ya Kusini pekee, kwenye majimbo yaliyokuwa ya utumwa. Massachusetts na Connecticut zilikuwa na sharti la kujua kusoma, Rhode Island ilikuwa na sharti la mali kwa raia waliozaliwa nje, na majimbo ya Magharibi hayakutaka Wachina wapate kura. Ikachaguliwa rasimu nyembamba ili ipite. Mwanya huo ndio uliopitishiwa karibu hila zote zilizofuata.

Marekebisho ya 14 hayakutosha?

Hayakutosha. Yaliridhiwa mwaka 1868, nayo yalisema tu kwamba jimbo likiwanyima kura wanaume raia watu wazima, idadi ya wabunge wake ipunguzwe kwa uwiano huo. Yaani jimbo liliruhusiwa kuchagua kati ya ubaguzi na viti. Adhabu hiyo haijawahi kutumika hata mara moja.

Yaliridhiwa lini, na nani alipiga kura wa kwanza?

Kongresi iliyapitisha tarehe 26 Februari 1869. Majimbo yalikuwa 37, hivyo yalihitajika 28, na idadi hiyo ilitimia tarehe 3 Februari 1870. Virginia, Mississippi, Texas na Georgia zililazimika kuridhia ili zirudishiwe uwakilishi wao katika Kongresi. Tangazo rasmi lilitolewa tarehe 30 Machi, na kesho yake Thomas Mundy Peterson alipiga kura katika mji wa Perth Amboy, New Jersey. Ndiye anayetajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kupiga kura chini ya ulinzi huu.

Majimbo mengine yalichelewa sana kuridhia: California mwaka 1962, Kentucky 1976, Tennessee 1997. Kisheria kuchelewa huko hakukubadili kitu, kwa kuwa yakishatimia marekebisho hubana majimbo yote.

Maneno yalikuwa wazi. Majimbo ya Kusini yaliwezaje basi kuwanyima watu weusi kura kwa miongo mingi?

Mwanzoni kwa risasi na moto, baadaye kwa karatasi.

Miaka ya 1870 na 1871 Kongresi ilitunga sheria za kuadhibu waliowatisha wapiga kura, na kwa muda zilifanya kazi. Mamia ya wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi, walishtakiwa. Kisha mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu mbili kwa mpigo. Katika kesi ya Reese, iliyotoka Kentucky, ilibatilisha sehemu muhimu za sheria ya 1870 kwa hoja kwamba hazikujifunga kwenye ubaguzi wa rangi peke yake. Katika kesi ya Cruikshank, iliyotokana na mauaji ya halaiki ya watu weusi huko Colfax, Louisiana, mwaka 1873, mashtaka dhidi ya wauaji yalianguka. Mwaka uliofuata askari wa serikali kuu wakaacha kuzilinda serikali za mwisho za Ujenzi Mpya, kipindi kilichofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, huko Kusini.

Zilipoanza kuandikwa katiba mpya za majimbo, Mississippi ikitangulia mwaka 1890, neno "mweusi" halikutajwa popote katika masharti ya kupiga kura. Masharti yalipangwa mmoja juu ya mwingine, ili anayeponea moja anaswe na jingine:

Kodi ya kichwa. Mississippi ilitoza dola 2 kwa mwaka, na mtu alitakiwa awe amelipa kodi zake zote za miaka miwili iliyopita kabla ya tarehe 1 Februari ya mwaka wa uchaguzi, yaani miezi tisa kabla ya kura ya Novemba. Risiti ikipotea, umekosa kura. Huko Alabama deni lilikuwa likirundikana: dola 1.50 kwa kila mwaka uliopita bila kulipa, hadi kufikia dola 36.

Mtihani wa kusoma na "kuelewa". Afisa wa uandikishaji alimchagulia mwombaji kifungu cha katiba ya jimbo akieleze. Katiba ya Mississippi ina vifungu 285. Mzungu angeweza kupewa cha sentensi moja, na mtu mweusi akapewa cha kodi za mashirika. Aliyesahihisha ni afisa huyohuyo, wala hapakuwa na majibu yaliyochapishwa ya kulinganishia. Hapa ndipo hasa palipokuwa na nguvu ya mfumo mzima. Sheria yenyewe ilionekana haina upande, ubaguzi ukaachiwa mkono wa mtu mmoja aliyekaa nyuma ya meza.

Orodha ya makosa ya jinai. Mississippi iliondoa haki ya kura kwa wizi, uchomaji moto, kughushi na kuoa wake wengi, makosa ambayo waandishi wake waliamini watu weusi huyatenda zaidi. Mauaji na ubakaji havikuwamo hadi mwaka 1968. Mahakama ya juu ya jimbo hilo yenyewe ilikiri nia hiyo mwaka 1896, bila kuona tatizo.

Kipengele cha babu. Kwa kuwa masharti haya yaliwagusa pia Wazungu maskini, Louisiana mwaka 1898 ilimsamehe yeyote ambaye yeye, baba au babu yake alikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867. Siku hiyo karibu hakuna mtu mweusi wa Louisiana aliyekuwa nayo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye daftari la Louisiana: wapiga kura weusi 130,334 mwaka 1896, 5,320 mwaka 1900, 1,342 mwaka 1904. Na mwaka 1898, katika kesi ya Williams dhidi ya Mississippi, Mahakama ya Juu ilisema masharti ya Mississippi hayabagui kwa maandishi yake, basi yanapita.

Mahakama haikuwahi kuzuia lolote?

Ilizuia, ila kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1915, katika kesi ya Guinn, ilibatilisha kipengele cha babu cha Oklahoma. Jimbo likajibu kwa sheria mpya: waliokuwa wakipiga kura chini ya kipengele kile wakaandikishwa moja kwa moja, na wengine wakapewa siku 12 tu, kuanzia tarehe 30 Aprili hadi 11 Mei 1916, vinginevyo wapoteze haki hiyo milele. Ilichukua hadi mwaka 1939 kuibatilisha hiyo nayo, katika kesi ya Lane dhidi ya Wilson. Hukumu hiyo ilisema Marekebisho ya 15 yanafuta ubaguzi wa kijanja sawasawa na ule wa waziwazi, na kauli hiyo wanasheria wanaitumia hadi leo.

Texas ilikuwa na mchujo, yaani uchaguzi wa chama wa kuteua wagombea, wa Wazungu watupu. Chama cha Democratic kilitawala jimbo kiasi kwamba mshindi wa mchujo ndiye aliyekuwa mshindi wa uchaguzi, na chama kilijiita klabu binafsi yenye uhuru wa kuchagua wanachama. Kesi kadhaa zilipita kabla Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston aliyetetewa na wakili Thurgood Marshall, hajashinda mwaka 1944 dhidi ya Allwright, ofisa wa uchaguzi. Mahakama ilikubali kwamba mchujo unaoendeshwa chini ya sheria za jimbo ni tendo la jimbo, hivyo unabanwa na Marekebisho ya 15.

Kisha kuna Tuskegee, Alabama. Mwaka 1957 bunge la jimbo lilibadili mpaka wa mji kutoka umbo la mraba hadi umbo la pande 28, likawatoa nje ya mji karibu wapiga kura wote weusi 400, wakabaki wanne au watano. Hakuna Mzungu hata mmoja aliyetolewa. Mwaka 1960, katika kesi ya Gomillion dhidi ya Lightfoot, Mahakama ilisema hata uwezo wa jimbo wa kuchora mipaka unakoma pale unapotumiwa kuwanyima watu kura kwa rangi yao.

Kama majimbo yalikuwa yakishindwa kesi, Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ilihitajika kwa nini?

Kwa sababu kesi moja ilichukua miaka, na kubuni hila mpya kulichukua wiki. Mfano bora ni Kaunti ya Dallas huko Alabama, ambako mji wa Selma upo. Serikali kuu ilishitaki, ikakata rufaa, ikashinda, ikashitaki tena. Baada ya miaka minne ya mashauri, wapiga kura weusi walioandikishwa walikuwa wameongezeka kutoka 156 hadi 383, kati ya watu weusi wapatao 15,000 wenye umri wa kupiga kura.

Tarehe 7 Machi 1965 askari wa jimbo waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus hapo Selma. Tarehe 6 Agosti Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria hiyo, iliyosimama juu ya kifungu cha pili cha Marekebisho ya 15. Ilisimamisha mitihani ya kusoma katika maeneo yaliyolengwa kwa historia yao ya ubaguzi, ikaruhusu maofisa wa serikali kuu kuandikisha watu, na, jambo kubwa kuliko yote, ikageuza mzigo: eneo lililolengwa halikuweza kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi, hata kuhamisha kituo kimoja, bila kibali cha awali kutoka kwa Mwanasheria Mkuu au mahakama moja ya Washington. Mwanasheria Mkuu alikuwa na siku 60 za kupinga.

Mississippi iliandikisha asilimia 6.7 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura kabla ya sheria hiyo, na asilimia 59.8 ilipofika 1967. Marekebisho yalikuwa yaleyale ya 1870. Kilichobadilika ni utekelezaji.

Kodi ya kichwa iliondolewa kwa njia nyingine: Marekebisho ya 24 ya mwaka 1964 kwa chaguzi za serikali kuu, na kesi ya Harper ya 1966 kwa chaguzi za majimbo. Mitihani ya kusoma ilipigwa marufuku nchi nzima kwa muda mwaka 1970, kisha moja kwa moja mwaka 1975.

Kibali cha awali bado kipo?

Kifungu cha 5 cha sheria ya 1965, kinachodai kibali hicho, bado kimeandikwa, lakini hakina pa kufanyia kazi. Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya Kaunti ya Shelby dhidi ya Holder, Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 ilibatilisha fomula ya kuamua maeneo yanayohusika, ikisema imejengwa juu ya takwimu za kale. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria ya kitambulisho cha mpiga kura iliyokuwa imezuiwa.

Madhara yake ni ya kila siku. Zamani kaunti ikitaka kufunga kituo, ilipaswa kueleza kwanza. Sasa mpiga kura ndiye anayepaswa kugundua, kukusanya ushahidi na kushitaki, mara nyingi uchaguzi ukiwa umeshapita. Kimebaki kifungu cha 3, kinachomruhusu jaji kulirudisha eneo chini ya kibali akikuta limebagua kwa makusudi.

Ni lazima nithibitishe kwamba maofisa walikusudia kunibagua?

Ukitegemea Marekebisho ya 15 peke yake, ndiyo. Hivyo ndivyo walivyoona majaji walioongoza uamuzi wa kesi ya Mji wa Mobile dhidi ya Bolden mwaka 1980. Nia haisemwi hadharani siku hizi, hivyo huthibitishwa kwa mazingira: mtiririko wa matukio, taratibu zilizorukwa, na nani aliomba takwimu gani na lini. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilibatilisha sheria ya uchaguzi ya North Carolina kwa sababu watunga sheria waliomba takwimu za jinsi watu wa kila mbari wanavyopiga kura, kisha wakabana zile njia ambazo watu weusi walizitumia zaidi. Baruapepe na kumbukumbu za vikao ndizo zinazobeba kesi za namna hii. Ziombe mapema.

Kongresi ilijibu kesi ya Mobile mwaka 1982 kwa kurekebisha Kifungu cha 2 cha sheria ya 1965 ili matokeo yapimwe, si nia pekee. Kesi ya Gingles ya 1986 ikaweka vigezo kwa kesi za mipaka: kundi liwe kubwa na lililokaa pamoja kiasi cha kutosha kuwa wengi katika eneo moja la uchaguzi, wapiga kura wake wawe na mwelekeo mmoja, na wengi wa Kizungu wawe kwa kawaida wanapiga kura kwa pamoja hadi kumshinda mgombea wa kundi hilo. Kifungu hiki kimepiganiwa tena na tena katika Mahakama ya Juu, ikiwamo kesi ya Brnovich ya 2021 iliyokibana na ya Alabama ya 2023 iliyokitumia, kwa hiyo usifungue shauri kwa kutegemea kitabu cha miaka mitano iliyopita. Angalia pia sheria ya jimbo lako: California, Virginia na New York zina sheria zake za haki za kura.

Yanawalinda watu weusi pekee?

La. Yanamlinda raia yeyote. Mwaka 2000, katika kesi ya Rice dhidi ya Cayetano, mkazi Mzungu wa Hawaii alishinda dhidi ya uchaguzi wa umma uliowaruhusu wenye asili ya Kihawaii tu.

Tatizo liko kwenye neno "raia". Wenyeji asilia wa Marekani waliambiwa mwaka 1884, katika kesi ya Elk dhidi ya Wilkins, kwamba kuzaliwa ndani ya kabila hakukuwapa uraia, hivyo marekebisho hayakuwagusa. Uraia kwa wote ulikuja mwaka 1924, na bado Arizona na New Mexico ziliwazuia hadi 1948. Wachina walizuiwa kupata uraia kwa kuandikishwa hadi mwaka 1943. Ukitaka kumnyima mtu kura bila kugusa Marekebisho ya 15, mnyime uraia kwanza. Njia hiyo ilitumika kwa vizazi.

Na wanawake?

Jinsia haikutajwa. Wanawake walingoja Marekebisho ya 19, mwaka 1920, na wanawake weusi wa Kusini, kwa vitendo, wengi wao walingoja hadi 1965.

Aliyenitisha kituoni si afisa bali mtu binafsi. Nina ulinzi?

Marekebisho yenyewe hufunga serikali, yakiwamo majimbo, kaunti na miji. Lakini kifungu cha 11 cha sheria ya 1965 kinakataza mtu yeyote kumtisha, kumlazimisha au kujaribu kumtisha mpiga kura, awe afisa au asiwe. Katika uchaguzi wa serikali kuu kitisho hicho pia ni jinai ya hadi mwaka mmoja gerezani. Andika papo hapo saa, mahali, maneno aliyosema, na namba ya gari kama lipo. Kuhusu picha kuwa mwangalifu, majimbo mengine hayaruhusu kupiga picha ndani ya kituo.

Nimefika kituoni, jina halimo kwenye daftari. Nifanye nini?

Usiondoke. Kwanza hakikisha uko kwenye kituo chako, kwa kuwa kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote, na katika majimbo kadhaa kura iliyopigwa kituo kisicho sahihi hutupwa. Mwombe msimamizi atafute jina kwa tahajia nyingine, na kwa majina yaliyogeuzwa, la ukoo likiwa mbele. Majina yenye asili ya Afrika na Asia huharibika sana hapo. Asipolipata, omba kura ya muda kwa kutaja jina hilo. Tangu sheria ya serikali kuu ya 2002, mtu anayetangaza kwamba ameandikishwa na anastahili ana haki ya kupewa kura hiyo katika uchaguzi wa serikali kuu, isipokuwa katika majimbo machache yaliyosamehewa.

Kura ya muda huwekwa kando hadi ustahiki wako uthibitishwe. Ni lazima upewe maelezo ya jinsi ya kujua bila malipo kama ilihesabiwa, na kama haikuhesabiwa, kwa nini. Ichukue karatasi hiyo. Ukitakiwa kupeleka kitambulisho ofisini, muda huwa ni siku chache tu, na kura nyingi hupotea hapo kwa sababu mtu alidhani kazi imeisha alipotumbukiza bahasha.

Kabla ya siku yenyewe, kagua jina lako zaidi ya mwezi mmoja mapema. Sheria ya 1993 hairuhusu majimbo inayoyahusu kufunga uandikishaji zaidi ya siku 30 kabla ya uchaguzi wa serikali kuu, na inakataza kufuta majina kwa wingi kwenye daftari ndani ya siku 90 za mwisho.

Mimi ni raia lakini Kiingereza changu ni kidogo. Naweza kupata karatasi ya kura kwa Kiswahili?

Sheria ya serikali kuu haimlazimishi mtu kuitoa. Kifungu cha lugha kilichoongezwa mwaka 1975 kinahusu Kihispania, lugha za Kiasia, na za wenyeji asilia wa Marekani na Alaska, katika maeneo yanayofikia idadi iliyowekwa. Lugha za Kiafrika hazimo. Tunaona hilo ni pengo, na Kongresi inaweza kuliziba.

Hata hivyo kifungu cha 208 cha sheria ya 1965 kinamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, asiyeona au mwenye ulemavu kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, na hutumika pia kwa wasiosoma Kiingereza. Anaweza kuwa mwanao, jirani au shemeji. Asiwe mwajiri wako au wakala wake, wala ofisa au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Msimamizi akikataa, mtajie kifungu cha 208, kisha umwombe amwite mkuu wa kituo.

Nina hati ya ukaazi wa kudumu, bado si raia. Nijiandikishe?

Usijiandikishe kamwe, hata kama karani wa leseni ya udereva amekuwekea fomu mbele. Marekebisho ya 15 yanamlinda raia. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa serikali kuu anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kufukuzwa nchini, na kusema "sikujua" mara nyingi hakusaidii. Ukishagundua jina lako limeingizwa kimakosa, tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika barua yoyote kwa ofisi ya uchaguzi.